Kabla Hujachagua Lugha, Kaiulize Kompyuta Mbovu Kuliko Zote

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kutengeneza programu ndogo ya kompyuta, siyo ya simu wala ya kwenye tovuti. Iwe nyepesi, na mtu yeyote aweze kuisakinisha. Nitumie lugha gani?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta naandika ukurasa mzima, maana swali hilo lilishawahi kuniaibisha mbele za watu.

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza programu ya kuhesabu vifaa vya ghala. Kompyuta 11, nyingi kuukuu, hakuna intaneti. Haya yote niliambiwa siku ya kwanza. Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi nyumbani, nikafungua Electron, zana ya kutengeneza programu za kompyuta kwa lugha za tovuti. Sababu? Nilijua HTML na JavaScript, na kila niliyemwona mjuzi alikuwa anaitumia. Siikandii Electron, VS Code ninayoandikia msimbo imejengwa juu yake na nashinda humo kutwa. Lakini kila programu ya Electron hubeba ndani yake kivinjari cha Chromium na Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Fomu yangu ya vitufe vitano ilikuwa inatembea na kivinjari kizima mgongoni.

Nikaenda na flashi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2. Dirisha likafunguka jeupe, likabaki jeupe. Mtunza ghala akaenda kupokea mzigo mlangoni, akasaini karatasi, akarudi: bado jeupe. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, au imezimika?" Angenifokea ingeniuma kidogo kuliko ule upole. Kompyuta ya nne ilikuwa na Windows 7, na hapo programu haikufunguka kabisa. Electron iliachana na Windows 7 kuanzia toleo la 23, la mwaka 2023. Taarifa ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mvivu wa kusoma ni mimi.

Nikajiaminisha kwamba mkosaji ni JavaScript. Nikaandika upya kwa lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kuchora madirisha, nikafunga kila kitu kwa PyInstaller kiwe faili moja. Kwanza nililazimika kurudi Python 3.8, kwa sababu 3.9 haitaki Windows 7. Halafu nikajifunza maana halisi ya "faili moja": kila ukiifungua, inajitapika kwanza kwenye folda ya muda, ndipo inaanza kazi. Kwenye diski ya zamani unahesabu sekunde kwa vidole. Balaa zaidi, wenye kuandika virusi nao huipenda PyInstaller, kwa hiyo antivairasi nyingi zikikuta umbo lile zinashuku. Ya pale ofisini haikuuliza mtu, iliifuta programu yangu mbele ya macho yangu. Mkuu wa ofisi akasema, "Tulikukaribisha wewe, hatukukaribisha virusi." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na hata leo sicheki.

(Ukilazimika kutumia PyInstaller, toa folda badala ya faili moja, kisha izungushie kisakinishi. Inafunguka haraka na malalamiko hupungua.)

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa fani hii aliyenitajia Lazarus, zana ya kuandika programu kwa lugha ya Pascal. Hapo ndipo nilipocheka. Pascal! Nilidhani Pascal ilibaki kwenye mitihani. Kumbe Lazarus, inayotumia Free Pascal, ni ya bure, na inakupa kazi kwa mtindo wa Delphi ya mwaka 1995: unavuta kitufe, unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika kitakachotokea. Ukimaliza unapata faili ya .exe inayozungumza na Windows moja kwa moja, bila kivinjari wala mkalimani wa pembeni.

Faili yangu ya kwanza ilitoka na zaidi ya megabaiti 20, nikashika kichwa. Zilikuwa taarifa za kusaka makosa, ambazo Lazarus huziingiza yenyewe usipozizima. Nilipozizima zikabaki megabaiti chache tu. Data nikaiweka kwenye SQLite, ambayo hifadhidata yake yote ni faili moja. Hapo napo nilianguka: programu ilikuwa ya biti 32, mimi nikaweka sqlite3.dll, faili inayoiendesha SQLite, ya biti 64, na hizo mbili hazichanganyiki, nikapoteza jioni nzima nikiulaumu msimbo wangu usio na hatia.

Kisakinishi nilikitengeneza kwa Inno Setup, na nikaandika mstari mmoja ambao ningeulizwa ningesema uchorwe ukutani: PrivilegesRequired=lowest. Bila huo, Windows humdai mtumiaji nywila ya msimamizi, na pale ofisini nywila ile aliijua mtu mmoja ambaye alikuwa likizo. Ukiuweka, hakikisha programu inakaa kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe, siyo Program Files.

Kompyuta zote 11 zilimalizika kabla ya chakula cha mchana. Kwenye ile ya gigabaiti 2, dirisha lilitokea kabla mtunza ghala hajaachia kipanya. Nakiri nilisimama pale kidogo, nikisubiri mkuu wa ofisi apite aone.

Sasa nisikilizeni, maana nawaona vijana mkirudia kosa langu. Mnabishana lugha ya Rust au ya Go wakati hamjui programu itaishi wapi. Kama watumiaji wako wana Windows 11, Tauri, zana ya Rust inayofanana na Electron, ni nzuri sana, kwa sababu haibebi kivinjari, inaazima WebView2, kivinjari cha ndani ambacho tayari kimo. Ukiipeleka kwenye kompyuta isiyo nayo na isiyo na intaneti, itabidi uibebe, na wepesi wote unayeyuka: zinaongezeka zaidi ya megabaiti 100. Go ni tamu, ila tangu toleo la 1.21 inataka Windows 10 kwenda mbele. Na lugha ya C# yenye Windows Forms, vifaa vyake vya madirisha, msiidharau; .NET Framework 4.8 inayoziendesha programu zake imo ndani ya Windows 11 na matoleo ya mwisho ya Windows 10, kwa hiyo programu yako inaweza kuwa na kilobaiti mia kadhaa tu. Hakuna atakayekusifu mtandaoni kwa kuitumia. Sawa, lakini itafunguka.

Msomaji wangu nilimwambia atengeneze dirisha tupu lenye kitufe kimoja, alifungie kisakinishi, akalijaribu kwenye kompyuta mbovu kuliko zote kabla hajaandika mstari wa pili. Nikamuuliza pia kompyuta zenyewe zina Windows ipi na RAM kiasi gani.

Amenijibu leo asubuhi. Bado hajaziona, ila ameshaanza kujifunza Rust.