Alama kwenye ramani si ndege yenyewe: ushauri kwa wanaoanza kufuatilia ndege

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufuatilia ndege kwa programu zinazoonyesha safari papo hapo, nilimwambia rafiki yangu aende kiwanjani kumpokea mama yake, kwa kuwa nilikuwa naiona ndege kwenye skrini ikikaribia pwani kwa mwendo wake wa kawaida. Kumbe ndege hiyo ilikuwa imegeuza njia juu ya bahari muda mrefu kabla ya hapo, na wakati ule ilikuwa inarudi ilikotoka. Kilichokuwa kikisogea mbele ya macho yangu kilikuwa makisio ya programu, ambayo ilikuwa imepoteza mawimbi ya ndege ikaendelea kuisogeza alama yake kwenye njia iliyotarajiwa. Rafiki yangu alikaa pale kiwanjani saa nyingi bila habari, na mimi ndiye niliyemtuma.

Tangu siku hiyo, nikitazama alama yoyote ya ndege, najiuliza kwanza taarifa hii imetoka wapi na ina umri gani. Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu programu hizi zimetengenezwa vizuri mno kiasi kwamba macho huamini kila kitu zinachoonyesha kwa uzito ule ule, ilhali vilivyomo ndani yake havina uzito sawa hata kidogo.

Anzeni kwa kuelewa alama hiyo inavyofika kwenye skrini. Ndege nyingi za abiria siku hizi hubeba transponda, yaani kifaa cha redio kinachotangaza habari zake kwa mfumo uitwao ADS-B. Ndege hujua mahali ilipo kutokana na setilaiti kama zile za GPS, kisha hulitangaza kwa redio katika megahezi 1090, takribani mara mbili kwa kila sekunde, bila kuulizwa na mtu yeyote. Yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyasikia matangazo hayo, na programu kubwa hutegemea maelfu ya watu waliojitolea kufunga vipokezi majumbani mwao na kuzituma data hizo kwa intaneti. Rada ya kawaida hurusha wimbi, likagonga ndege na kurudi, hivyo rada yenyewe ndiyo inayopima umbali na uelekeo. Kipokezi cha ADS-B hakipimi lolote kati ya hayo, bali husikiliza tu ndege inavyojieleza. Ndege ikijieleza vibaya, au ikinyamaza, kipokezi hakina namna ya kujua ukweli.

Si kila ndege hutangaza mahali ilipo. Baadhi hujibu tu maulizo ya rada kwa kutaja utambulisho na kimo, na kwa hizo programu hutumia hesabu ya tofauti za muda. Mawimbi ya ndege moja hufika kwenye vipokezi mbalimbali kwa nyakati zinazotofautiana kidogo sana, na vipokezi visivyopungua vinne vikiyasikia, inawezekana kukokotoa yametoka wapi. Wimbi la redio husafiri takribani mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo saa ya kipokezi kimoja ikikosea kidogo tu, alama ya ndege huruka pembeni. Nimewaona wageni wengi wa shughuli hii wakishtuka kwa sababu ndege ndogo inaonekana ikienda upande huu na upande ule kama iliyopoteza mwelekeo, kumbe kinachoyumba ni hesabu, na rubani amenyoosha njia yake bila shida yoyote. Kabla ya kusema chochote juu ya mwenendo wa ajabu wa ndege, bonyeza alama yake usome chanzo cha data. Programu iliyo makini hukieleza.

Juu ya bahari na majangwa hakuna mahali pa kufunga vipokezi. Tangu mwaka 2019 kampuni ya Aireon imekuwa ikitoa huduma ya kupokea matangazo ya ADS-B kwa vifaa vilivyofungwa kwenye setilaiti za mtandao wa Iridium, ambao una setilaiti 66 zinazofanya kazi kwa pamoja, na hivyo ndege inaweza kusikika hata katikati ya bahari kuu. Data hizo huuzwa, kwa hiyo programu unayoitumia inaweza isiwe nazo. Hapo ndipo makisio huingia. Programu nyingi hubadilisha rangi ya alama au ya mstari wa safari, ama huandika wazi kwamba mahali panapoonyeshwa pamekisiwa. Jifunze mapema jinsi programu yako inavyoonyesha jambo hilo, maana ndilo nililolikosa mimi.

Ndege kutoweka kwenye skrini ni jambo la kila saa, na mara nyingi sababu yake ni umbo la dunia tu. Mawimbi ya megahezi 1090 husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa ardhi. Ndege iliyo katika kimo cha futi 35,000 inaweza kusikika na kipokezi kilicho umbali wa kilomita 400 hivi, ikiwa hakuna kizuizi kati yao. Ndege hiyo hiyo ikishuka hadi futi 1,000, umbali huo hupungua na kuwa kilomita 70 na kitu, hata ardhi ikiwa tambarare kabisa. Kukiwa na vilima au majengo marefu, hupungua zaidi. Kwa hiyo ndege inayoshuka kuelekea kiwanja kisicho na kipokezi karibu hupotea ikiwa bado angani, na mstari wake huishia porini au juu ya maji. Tafadhali usimwambie mtu kwamba ndege imeanguka kwa kuwa mstari umekatika. Katika safari ya MH370 ya shirika la Malaysia Airlines, tarehe 8 Machi 2014, ndege ilitoweka kwenye rada za kiraia saa 7:21 usiku kwa saa za Malaysia, lakini setilaiti ya mawasiliano iliendelea kupata ishara zake hadi saa 2:19 asubuhi, karibu saa saba baadaye. Hata katika msiba ule, kutoonekana na kuanguka yalikuwa mambo mawili yaliyotenganishwa na muda mrefu.

Kimo ndicho kilichonisumbua kuliko yote, nami nitakieleza kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi hukipita haraka. Kimo ambacho kwa kawaida programu hukionyesha hakipimwi kwa GPS wala kwa kamba kutoka ardhini. Hutokana na mgandamizo wa hewa, na transponda hukihesabu daima kana kwamba mgandamizo kwenye usawa wa bahari ni hektopaskali 1013.25, ambacho ni kiwango cha makubaliano cha dunia nzima. Rubani anapokaribia kutua huweka kwenye kipimo chake mgandamizo halisi wa mahali pale, hivyo yeye husoma kimo sahihi. Transponda haibadiliki pamoja naye. Karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali moja ni sawa na futi 27 hivi. Chukulia kwamba leo mgandamizo ni hektopaskali 993 na ndege inakaribia kugusa ardhi kwenye kiwanja kilicho pwani: programu itakuonyesha kwamba bado iko zaidi ya futi 500 juu. Mgandamizo ukiwa 1033, itakuonyesha kwamba iko futi 500 chini ya bahari. Nilipokuwa sijui haya, niliwahi kuwaeleza wenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba rubani fulani alishuka chini mno kabla ya kiwanja, nikamshutumu mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Ukitaka kulinganisha ndege mbili zinazotua kwenye kiwanja kimoja, hakikisha zimetua wakati mmoja au katika hali ya hewa ileile, na kama programu yako ina chaguo la kusahihisha kwa mgandamizo wa mahali, litumie.

Kasi nayo ina siri yake, ingawa ni nyepesi zaidi. Unayoiona ni kasi ya ndege juu ya ardhi, kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Ndege inayokata hewa kwa noti 480 ikisukumwa kutoka nyuma na upepo mkali wa tabaka za juu wenye noti 150 itaonyesha noti 630, karibu kilomita 1,167 kwa saa. Hilo halina maana kwamba imevuka kasi ya sauti, kwa sababu kasi ya sauti hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka ndege, na hewa yenyewe inasafiri.

Kuhusu majina, kumbuka kwamba ndege moja ina utambulisho wa aina nne kwa wakati mmoja. Kuna namba ya safari iliyo kwenye tiketi, inayoanza kwa herufi mbili, kama BA kwa British Airways. Kuna jina la mwito linalotumiwa na waongoza ndege, linaloanza kwa herufi tatu, kama BAW, na tarakimu zinazofuata si lazima zilingane na zile za tiketi. Kuna usajili uliochorwa kwenye mwili wa ndege. Na kuna anwani ya biti 24, inayoandikwa kwa herufi na tarakimu sita, ambayo ndiyo kipokezi hukisikia katika kila tangazo. Ukitafuta safari ya ndugu yako kwa jina la mwito ulilolikisia, unaweza kufuatilia ndege nyingine kabisa. Na ukitafuta kwa usajili, kumbuka kwamba ndege hubadilishwa dakika za mwisho.

Saa za data huandikwa kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja inayotumika dunia nzima. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna kazi mara mbili, kwanza kuihamisha UTC kwenda saa za mahali, kisha kuondoa au kuongeza saa sita. Nilikuwa nikifanya hatua zote mbili kichwani na nikikosea mara kwa mara, hadi nilipoamua kuweka saa ya pili mezani inayosoma UTC tu.

Hivi karibuni jambo jingine limezidi, nalo ni kuvurugwa kwa mawimbi ya GPS, hasa karibu na maeneo ya vita. Ndege hupoteza mahali ilipo au hudanganywa na mawimbi bandia, ikatangaza kwamba inazunguka duara mahali ambapo haipo. Njia yangu ya kupima ni kutazama majirani. Ndege moja ikipotoka peke yake, chunguza chanzo chake. Ndege kumi zikiruka pamoja kwenda mahali pamoja kwa dakika ileile, tatizo liko kwenye mawimbi ya setilaiti.

Atakayetaka kuelewa haya kwa undani nashauri afunge kipokezi chake mwenyewe. Tangu takribani mwaka 2012, ilipofahamika kwamba vifaa vidogo vya USB vya kupokelea televisheni ya dijitali vinaweza kusikiliza masafa mengine mengi, kazi hii imekuwa rahisi. Watu hutumia nguvu nyingi kuchagua kifaa, wakasahau antena. Urefu wa wimbi la megahezi 1090 ni sentimita 27 na nusu, kwa hiyo antena ni fupi, na kinachoamua mafanikio ni mahali ilipo. Iweke juu ya paa, ione upeo wa macho pande zote, na waya wake uwe mfupi na wa ubora, maana katika masafa haya waya mbaya humeza mawimbi kabla hayajafika kwenye kifaa. Ukishaona mwenyewe jinsi ndege zinavyopotea nyuma ya jengo la jirani kila siku katika pembe ileile, hutashtuka tena na mstari uliokatika.

Mwisho nizungumzie namba za transponda, kwa sababu hapa ndipo tunapoweza kuumiza watu. Rubani huweka namba ya tarakimu nne anayopewa na waongoza ndege, na namba tatu zimetengwa: 7500 kwa utekaji nyara, 7600 kwa redio iliyoharibika, na 7700 kwa dharura ya aina yoyote. Programu nyingi hutoa kengele zinapoonekana. 7700 inaweza kuwa abiria aliyeugua ghafla au tatizo la mtambo ambalo marubani wanalishughulikia kwa utaratibu, na nyingi nilizozitazama ziliishia kwa ndege kutua salama. Siku hizi nikiiona, naandika muda, kimo na chanzo cha data kwenye daftari langu, wala sisambazi picha ya skrini, kwa kuwa ndani ya ndege ile kuna watu ambao ndugu zao nao wana simu.

Na ndugu hao watakuja kukuuliza, kwa kuwa wanajua unazo programu hizi. Waambie taarifa ya mwisho iliyopokelewa kutoka kwa ndege yenyewe ilikuwa ya saa ngapi na mahali gani, uwaambie kila kinachosogea baada ya hapo ni makisio, kisha mlipigie simu pamoja shirika la ndege kabla mtu yeyote hajaondoka nyumbani.