Mtoto hana kosa, na mama yake sio wa kubaki kwenye benchi

Wiki hii mmeuliza kama mzazi anayelea mtoto peke yake Kanisa linamhesabu kua ana familia. Mimi ni mkatoliki nipo Mwanza, nina binti wa miaka tisa, nimehangaika nae mwenyewe toka mimba ya miezi minne baba yake alipobadili namba ya simu. Jibu langu ni ndio, ila wengi wetu tunafukuzwa na mazoea ya watu, sio Kanisa.

Nilipoenda kumwandikisha ubatizo katekista, yani mwalimu wa dini wa parokia, alianza vizuri tu, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jumuiya gani (kikundi cha waumini majirani wanaosali pamoja), kafika kwenye jina la baba peni ikasimama. Akaniuliza ndoa mlifunga wapi, nikamwambia hakuna ndoa, akafunga daftari akasema nirudi na huyo mwanaume. Nimtoe wapi jamani? Miezi saba mtoto akakaa hajabatizwa, akipata homa usiku silali, nawaza angeondoka hivihivi.

Aliyeniokoa ni mama mwenyekiti wa jumuiya yetu, alinishika mkono mpaka kwa paroko, padri anayeongoza parokia. Baba paroko hakuongea sana, akafungua kitabu cha Sheria za Kanisa kanuni ya 868 akatusomea, wazazi wakubali, hata mmoja inatosha, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa kikatoliki. Cheti cha ndoa hakijatajwa pale. Sehemu ya baba ikaachwa wazi, maana kanuni ya 877 inasema jina lake linaingia kama kuna hati ya serikali au aje mwenyewe akiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Mama mwenyekiti ndo akawa mama wa ubatizo na mpaka leo ada ya shule ikinishinda namkimbilia yeye.

Hayati Papa Fransisko Mei 2013 alihubiri jambo hilihili, binti kazaa bila ndoa anaenda kuomba mtoto abatizwe anaambiwa haiwezekani, akasema Yesu aliweka sakramenti saba na sisi kwa tabia hii tunaongeza ya nane, ya kuwafungia watu mlango.

Naheshimu sana ndoa na namuombea binti yangu aipate. Ila kuna mtu kanisani huwa anamuuliza mwanaume? Baba wa mwanangu nasikia huko aliko anaimba kwaya na anakomunika, yani anapokea mkate mtakatifu, kila Jumapili.

Kinachoniuma kuliko vyote ni komunyo. Wamama kibao wanajitenga na meza ya Bwana wakidhani kuzaa nje ya ndoa ni kifungo cha maisha, wakati ukishatubu ukaungama umesamehewa, kuendelea kulea mtoto wako sio dhambi. Desemba 2023 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mafundisho ya imani ilimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika aliyeona wamama hao wanaogopa kukomunika, ikasema watiwe moyo waje kwenye sakramenti.

Jumuiya kwetu yupo dada mmoja, mwanae yuko darasa la kwanza, toka amzae watu wakipanga foleni ya komunyo yeye anabaki kakaa, anamshika mtoto mkono anainama. Hana mwanaume, anafua nguo za watu, zaka analipa. Juzi baada ya sala ya jumuiya nilimsomea hiyo ya Vatikano kwenye simu akanyamaza muda mrefu, afu akauliza maungamo yanaanza saa ngapi. Jumamosi saa kumi naenda nae.