Pensheni ndogondogo za kazi za zamani: niziunganishe au niziache zilipo?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi niko huku Uingereza tangu 2013 na kazi nimebadilisha sana, nilianza usafi hotelini, nikaenda ghalani kupitia ajensi, halafu nyumba mbili za kulea wazee, kisha miaka mitatu hospitali ya NHS (huduma ya afya ya serikali), na sasa niko kampuni inayohudumia wagonjwa majumbani kwao. Kote huko nilikuwa nakatwa pensheni. Juzi nimekusanya makaratasi nikakuta ya hotelini ina pauni 1,400, za kulea wazee moja ina 2,900 nyingine 1,700, ya ghalani sina karatasi hata moja, na ya NHS ndo siielewi kabisa maana haina jumla, imeandikwa tu kiasi cha kila mwaka. Shemeji yangu ananiambia niunganishe zote niziweke kwenye kampuni moja yenye app nzuri. Mume wangu anasema ziache zitawanyike hivyohivyo, moja ikianguka zingine zitabaki. Nina miaka 46. Nifanyeje?
Mama Wawili, Leicester

JIBU: Dada, shemeji yako ana hoja na mumeo ana hoja, ila kwenye ile ya NHS mwambie shemeji atulie kwanza, hiyo haiguswi.

Tuanze na hiyohiyo ya NHS maana ndo mali uliyonayo na naona hujui. Haina jumla kwa sababu sio akiba iliyowekwa mahali, ni ahadi. Kwenye mpango wa sasa ulioanza 2015, kila mwaka unaofanya kazi unajipatia sehemu moja ya 54 ya mshahara wa mwaka huo kama pensheni ya kila mwaka ukistaafu. Tuseme mshahara ulikuwa pauni 24,300, gawanya kwa 54 unapata 450. Miaka mitatu ni 1,350 kila mwaka mpaka siku unafumba macho, na inapandishwa kufuata mfumuko wa bei, sio mara moja bali kila mwaka. Hizo pesa zako zingine tatu ukizijumlisha ni pauni 6,000, ukianza kujilipa 1,350 kwa mwaka zinaisha kabla ya miaka mitano labda zikue kwanza. Unaona tofauti? Na hata ukitaka kuihamishia kwenye mfuko wa kawaida wa akiba huwezi, tangu Aprili 2015 sheria imefunga mlango huo kwa pensheni za aina hii za watumishi wa umma. Kwahiyo we kazi yako ni kuwapa anwani yako mpya na kuiacha ilale. Mtu mwingine mwenye ahadi kama hii lakini ya kampuni binafsi, mlango wake haujafungwa, ila kama thamani inazidi pauni 30,000 sheria inamlazimisha apate ushauri wa mtaalamu aliyesajiliwa kabla hajahamisha, na mi ningeshangaa sana mtaalamu wa kweli akimwambia hamisha.

Sasa zile tatu. Hofu ya mumeo naielewa lakini haiko pale anapodhani. Hela ya pensheni ya kazini inatunzwa mbali na mali za mwajiri, hoteli ikifilisika leo ile 1,400 yako haiendi kulipa madeni ya hoteli. Na kila mfuko ndani yake tayari umetawanywa kwenye hisa na hati za dhamana za makampuni kibao duniani, mara nyingi ukikuta mifuko mitatu imenunua hisa za makampuni yaleyale. Kwahiyo kuwa na mitatu sio ulinzi sana, ni makaratasi matatu.

Upande wa shemeji naye, watu wa app wanapenda kuongelea makato, eti unaliwa huku na kule. Hebu tupige hesabu. Mfuko wa kawaida wa kazini, ule unaowekwa usipochagua kitu, hauruhusiwi kukukata zaidi ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Kwenye pauni 6,000 hiyo ni pauni 45. Ukihamia sehemu inayokata asilimia 0.3 ni pauni 18. Umeokoa 27 kwa mwaka, sio mbaya, kwa miaka ishirini inakuwa kitu, ila sio utajiri. Na kuna app nzuri nzuri ambazo zinakata zaidi ya hiyo 0.75 maana wao hawabanwi na ukomo ule, kwahiyo unaweza kuhama ukaongeza makato huku unajisifu umepunguza. Kabla hujabonyeza kitu tafuta namba moja tu, asilimia ya makato ya mwaka ya huko unakotoka na ya huko unakoenda, ziandike karatasi moja uziangalie zikiwa pamoja.

Sababu yenyewe ya kuunganisha kwa mtu kama wewe mi naona ni kupotea. Umehama nyumba mara ngapi tangu 2013? Barua ya pensheni inaenda kule kwa chumba cha kwanza ulichopanga, aliyepo sasa anairudisha au anaitupa. Labda wakati ule uliandikwa kwa jina la baba yako na sasa unatumia la mumeo. Ile ya ghalani ndo imeshaanza safari hiyo. Nenda tovuti ya serikali ya GOV.UK utafute Pension Tracing Service, ni bure kabisa, unaandika jina la mwajiri au la ajensi (mara nyingi ajensi ndo aliyekuwa mwajiri wako, sio ghala lenyewe) wanakupa anwani ya mfuko, wao hawajui kama una hela ila wanakuonyesha pa kuuliza. Ukiandika tu "pension tracing" kwenye intaneti utakutana na makampuni yenye majina yanayofanana yanayotaka mengine, hakikisha upo GOV.UK. Andaa namba yako ya National Insurance, miaka uliyofanya kazi, na jina ulilotumia wakati huo. Ikiwa ni hela kidogo sana usishangae, na serikali inaandaa utaratibu wa zile zilizolala zenye pauni 1,000 kushuka chini ziwe zinaunganishwa zenyewe, ila usikae kusubiri hilo.

Kwahiyo jibu langu: hizo tatu na ya ghalani ikipatikana, mi ningeziunganisha, na ningeanza kuangalia mfuko wa mwajiri wako wa sasa kama unapokea hela za nje na makato yake ni ya chini. Wengi wako Nest, mfuko wa pensheni za kazini ulioanzishwa na serikali, ambao unakata asilimia 0.3 kwa mwaka na asilimia 1.8 kwenye michango mipya, lakini hela unayohamishia kutoka mfuko mwingine haikatwi hiyo 1.8. Kitu usichofanya ni kujitoa kwenye mfuko wa kazini wa sasa ili uhamie app, hapo mwajiri anaacha kukuwekea ile sehemu yake ya angalau asilimia 3 na hakuna makato yoyote duniani yatakayofidia hilo.

Kabla hujahamisha piga simu kwa kila mfuko uulize maswali haya, na usikubali jibu la "nadhani hapana", waandike kwa barua pepe. Je kuna ada ya kutoka? Je mfuko huu una dhamana yoyote nikistaafu, kiwango cha malipo kilichoahidiwa au haki ya kuchukua kabla ya umri wa kawaida? Mifuko mipya ya baada ya 2012 mara nyingi haina vitu hivyo ila ya zamani inayo, na ukihama umeviacha, havirudi. Umri wa kawaida wa kuruhusiwa kuanza kuchukua hela, kwako wewe utakuwa 57, unapanda kutoka 55 tarehe 6 Aprili 2028, kwahiyo usipange kitu cha miaka 55.

Kuna hoja moja ya kuziacha ambayo shemeji hajakwambia na nina uhakika app haikuandika kwa herufi kubwa. Mfuko wenye pauni 10,000 au chini ukifika umri unaweza kuuchukua wote kwa mkupuo, robo bila kodi na iliyobaki inahesabiwa kama kipato, na hilo halipunguzi kiwango ambacho unaruhusiwa kuendelea kuweka kwenye pensheni zingine. Ukichukua kwa njia zingine za kuchotachota kipato kwenye mfuko mkubwa, kiwango chako cha kuweka kwa mwaka chenye nafuu ya kodi kinashuka kutoka pauni 60,000 hadi 10,000. Kwa mshahara wa kuhudumia wagonjwa hiyo 10,000 huenda usiifikie hata kidogo, ndo maana sijaipa uzito kwako, ila msomaji mwenye kipato kikubwa anayetaka kupunguza siku za kazi akiwa na 57 huku anaendelea kuchangia, yeye asome mara mbili.

Ukishaamua, mfuko unaoingia ndo unaomba hela kule, we hukusanyi hundi mkononi, na ikitokea mtu anakwambia hela ipite akaunti yako kwanza kimbia. Inachukua wiki kadhaa na katikati hapo hela inakuwa haijawekezwa popote, soko likipanda umekosa, likishuka umepona, huna cha kufanya. Halafu jambo ambalo watu wanasahau kila siku: fomu ya kutaja nani apewe ukifa haihami na hela. Kwenye mfuko mpya jaza upya. Na ile ya NHS iangalie pia, nimeona fomu za watu walioachana zamani bado zina jina la mume wa kwanza na aliyenaye sasa hajui.

Mambo yakikuchanganya, MoneyHelper ni huduma ya serikali ya kuelekeza watu mambo ya fedha na pensheni, na simu yao haina malipo, ukifika 50 unapata na kikao chao cha bure cha kuelekezwa kuhusu pensheni yako, kinaitwa Pension Wise.

SWALI: Nina miaka 41, amenipigia mtu anasema anaweza kunitolea pensheni yangu yote sasa hivi kisheria kwa kuihamisha, anakata kidogo tu. Ni kweli?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Hapana ndugu. Kupigia watu simu bila kuombwa kuhusu pensheni zao ni marufuku Uingereza tangu Januari 2019, kwahiyo alivyopiga tu ameshajieleza. Ukitoa kabla ya umri bila sababu kama ugonjwa mzito, kodi inaweza kufika asilimia 55, anayedaiwa ni wewe na yeye ameshachukua chake. Kama ulishasaini, piga kwa mfuko wako leo uwaambie wasimamishe, wana ruhusa ya kuzuia uhamisho wenye dalili za utapeli.

SWALI: Na kama narudi nyumbani Afrika Mashariki moja kwa moja, niihamishie huko?
Baba Nasra, London

JIBU: Kisheria inawezekana tu kama mfuko wa huko upo kwenye orodha ya mifuko ya nje inayotambuliwa na HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza), ukihamisha kwenye ambao haumo unaadhibiwa kwa kodi kubwa, na hata uliomo unaweza kukatwa asilimia 25 kutegemea unaishi wapi na mfuko uko wapi. Kwa pauni elfu chache mi ningeiacha huku. Ukifika umri unaidai ukiwa hukohuko, ila mifuko mingi inalipa kwenye akaunti ya benki ya Uingereza tu, kwahiyo kabla ya kupanda ndege usifunge akaunti yako na uwaachie barua pepe utakayoendelea kuitumia, sio ile ya kazini.