Swali la Lugha: Vumbi Dogo au Vumbi Laini?

Msomaji anayeandaa makala kuhusu mitambo ya umeme wa makaa ya mawe mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, aliandika kwamba mitambo hiyo "ipunguze vumbi dogo". Mhariri wake akasahihisha kuwa "vumbi laini". Anauliza nani yuko sahihi, na kama asingeandika "moshi" tu yakaisha.

Mhariri yuko sahihi. Vumbi halihesabiki, na kama vile hatusemi "unga mdogo" tukikusudia unga uliosagwa sana, ndivyo "vumbi dogo" linavyomfanya msomaji adhani linazungumziwa vumbi kidogo. Makala ikitaja kipimo, itumie "chembe", ambazo zinahesabika: chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Neno "moshi" ningeliepuka. Wingu jeupe linalofuka kwenye minara mipana ya kupozea maji, ambalo wapiga picha wa magazeti hulipenda mno, ni mvuke, ilhali dohani isiyoonekana ikifuka moshi yaweza kuwa inatoa chembe hizo hizo.

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi liko kwenye vitenzi. Vumbi hilo ni majivu ya makaa yanayobebwa na gesi kuelekea kwenye dohani. Mtambo ukiwa na mifuko ya kitambaa ya kuyazuia, majivu "huchujwa", kwa kuwa gesi hupita na majivu yakabaki. Lakini pale unapotumika umeme kuyaondoa majivu kwenye gesi, hakuna kinachochujwa: nyaya zenye volti nyingi huzitia chembe chaji, chembe zikavutwa na kuganda kwenye mabamba ya chuma, kisha nyundo huyagonga mabamba hayo mara kwa mara ili majivu yaporomokee kwenye faneli zilizo chini. Hapo kitenzi kinachofaa ni "hunaswa".

Liko jambo moja zaidi, nalo linagusa maana ya sentensi nzima. Mtambo wa Kusile, ulioko huko huko Mpumalanga, ulijengwa pamoja na vifaa vya kuondoa salfa dioksaidi, gesi ambayo ikishatoka kwenye dohani hugeuka angani kuwa chembe laini za salfeti, ingawa haikutoka ikiwa vumbi. Kwa hiyo "kupunguza vumbi linalotoka kwenye dohani" ni kauli finyu kuliko "kupunguza vumbi laini hewani", na mwandishi akikusudia hiyo ya pili, hana budi kuitaja na gesi.