Mbalamwezi Ilivyonirudisha Mwaka Mzima

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia. Pendekezo lake la utafiti limerudishwa mara ya tatu, safari hii kwa wino mwekundu: "Nadharia tete haipimiki." Yaani dai analokwenda kulijaribu halina njia ya kupimwa. Anaomba kama ninayo ya kwangu anakili. Dada, ninayo, ila sikupi. Nitakupa aibu yangu, hiyo ni bure.

Utafiti wangu wa uzamili ulihusu dagaa. Nimekulia Kirumba, Mwanza, harufu ya dagaa niliijua kabla ya herufi, kwa hiyo nilijiona nimemaliza hata sijaanza. Nadharia tete yangu ilisema dagaa waliokaushwa kwenye vichanja (meza za miti zilizoinuliwa juu ya ardhi) huuzwa bei ya juu kuliko waliokaushwa mchangani. Inapimika, au siyo? Vichanja vipo, mchanga upo, bei ipo. Msimamizi akasaini, nikachapisha madodoso, zile fomu za maswali, nikapanda daladala kwenda Igombe.

Nikaanza na wakaushaji wa mchangani. Nilipowamaliza malaria ikaniangusha, nikalala kwa dada yangu Igogo siku kama kumi, kisha nikarudi kwa wale wa vichanja. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa wake akaniuliza, "Mwanangu, bei za leo unazilinganisha na za wakati ule? Ule si ulikuwa wakati wa giza?" Nikatabasamu, nikamshukuru, nikaendelea kujaza fomu. Kwenye dodoso hapakuwa na nafasi ya swali lake.

Kwa msiokulia mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola nyingi. Giza likiwa totoro dagaa huifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu tena, mitumbwi mingi hupumzika, dagaa huadimika na bei hupanda. Nilikuwa nikilijua hili tangu utotoni! Niliona tu ni habari za mwaloni, si za tasnifu.

Siku ya kutetea tasnifu, jedwali langu liling'aa ukutani, vichanja juu, mchanga chini, tofauti ya kutisha. Mtahini mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote, akauliza, "Mwezi ulikuwaje?" Nikadhani anatania. Ukumbi ukacheka, na waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja hadi leo. Msimamizi wangu, yeye aliyesaini kila ukurasa, alikuwa akiangalia simu. Nikarudishwa kukusanya data upya. Ada ya mwaka wa ziada ilitoka kwenye pikipiki yangu.

Sasa nisikilize. Tatizo halikuwa hesabu. Bei ilikuwa na sababu mbili zilizopanda pamoja, kichanja na mwezi, nami sifa zote nikampa mmoja. Modeli yangu ilikuwa na visanduku viwili na mshale mmoja. Modeli ni hiyo tu, jamani, msiiogope: picha ya jinsi unavyodhani mambo yanavyosukumana. Ukiichora, mpelekee mtu anayeishi na jambo hilo umuulize umesahau nini. Yule mama wa Igombe angenichorea kisanduku cha tatu kwa kidole mchangani.

Mara ya pili nilichukua ndoo moja ya dagaa kutoka mtumbwi mmoja, nikaigawa: nusu kichanjani, nusu mchangani, siku ileile, kwa wachuuzi walewale. Nikarudia hivyo wakati wa giza na wakati wa mbalamwezi. Tofauti ikabaki, lakini haikufika nusu ya ile ya mwanzo. Ilinyanyuka vizuri siku za mvua tu, pale dagaa wa mchangani walipoanza kuharibika. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ndiyo. Lakini sikuwa nikijua kwamba niko sahihi.

Hapa kwetu hilo lina historia. Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona Ziwa Victoria upande huu wa kusini, akatangaza kwamba mto Nile unatoka humu. Hakuwa ameona hata tone likitoka upande wa pili. Mwenzake Richard Burton akambishia, na alikuwa na haki ya kubisha. Speke alirudi mwaka 1862 akayaona maji yakitoka Uganda, ubishi haukuisha. Akafa mwaka 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao. Mwaka 1875 ndipo mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua na hoja ikasimama. Watu hupenda kusema Speke alishinda. Mimi namwona yeye na mimi wa mwaka ule, kiburi kilekile.

Kuhusu mbinu sina mengi. Dodoso ukitaka kujua watu wanafanya nini, jaribio ukitaka kujua kipi kinasababisha kipi. Na acheni kuandika "kuchunguza athari za" hiki na kile, hapo huwezi kukosea hata ukitaka. Andika kitu kinachoweza kukuumbua.

Dada, sentensi yako niliisoma: "Elimu ya ujasiriamali ina mchango kwa wanawake." Mchango gani? Wanawake wapi, ukiwalinganisha na nani? Wakikutwa na nini ndipo utakubali kwamba umekosea? Nijibu hilo la mwisho kwanza, hata usiku nipo.