Daktari, sindano ya nyuklia itaona damu iliyoganda?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu siku ya tatu leo anahema kwa shida na kifua kinamchoma akivuta pumzi, hospitali wanahisi damu imeganda kwenye mapafu. Figo zake mbovu kwa hiyo CT ya dawa ya rangi wameikataa, wanataka kipimo cha nyuklia. Hilo neno tu limeninyima usingizi! Halafu mguu wake umevimba, si wapime mwili mzima tumalize?

JIBU: Marahaba dada. Toa kwanza hilo bomu kichwani. Wanamchoma sindano yenye chembe ndogo za protini ya albumini zilizobandikwa teknesiamu (dawa yenye mionzi kidogo), zinaenda na damu mpaka kwenye mapafu zinanasa kwenye vimishipa vidogo kabisa (usiogope, zinaziba vichache mno, haifiki hata 1 kwa 1000), halafu kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, inapiga picha, damu inapofika panang'aa, isipofika giza. Anavutishwa pia hewa yenye mionzi kidogo waone hewa nayo inafika wapi. Sasa pale hewa inapofika na damu haifiki ndipo penye kesi.

Yaani kusema kweli bonge lenyewe la damu kipimo hiki hakilioni, ni kama unavyojua bomba limeziba kwa kuona upande mmoja wa bustani umekauka. Nimonia au pumu inaweza kuchanganya picha ndio maana wanaanza na eksirei ya kifua. Picha ikitoka safi kabisa, habari ya bonge kwenye mapafu karibu imeisha. Majibu ya katikati katikati ndio yanatusumbua hata sisi, hapo wanaongeza vipimo vingine.

Mionzi? Teknesiamu inapoteza nusu ya nguvu kila saa 6, kesho yake muda kama huo imebaki 1 ya 16 au chini, maana nyingine anaikojoa. Anywe maji kiasi alichoruhusiwa, na figo hizo msizidishe.

Mguu sasa, kipimo hiki cha mapafu hakiuoni, huo ni wa ultrasaundi, haina mionzi wala sindano, waulize leo leo maana bonge la mapafu mara nyingi limetokea mguuni. Na muulize kama ameshaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, mara nyingi hawasubiri picha. Akikohoa damu, akizimia au midomo ikibadilika rangi, ita nesi hapo hapo, hilo si la kuniandikia mimi.