Anza na Njia, Kiwanja Kitafuata: Kwa Afisa Mipango Miji Mpya Kwenye Urasimishaji Dar es Salaam

Ukipangiwa kwa mara ya kwanza mtaa wa kurasimisha, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili wenyeji wapate hati, iwe Ubungo, Temeke au Kinondoni, utakabidhiwa picha ya anga, orodha ya majina na muda usiotosha. Wananchi watakuuliza swali moja tu: "Changu kimetoka mita ngapi?" Ndiyo maana wengi huanza kwa kuchora viwanja, na njia hupewa kinachobaki. Geuza utaratibu huo. Mpaka uliokosewa nusu mita, majirani wawili wakielewana hurekebishwa. Uchochoro wa mita moja ukishaidhinishwa kwenye mchoro, huo haupanuki tena. Pande zote mbili zitakuwa na hati, na kila hatua ya ardhi itakuwa na bei.

Kwanza tembea mtaa mzima na mjumbe wa shina pamoja na mama mmoja anayechota maji au kuuza vitafunwa humo. Hao wanajua njia ipi hutumika kweli na ipi ilizibwa mwaka juzi. Kaa na futi yako mkononi, upime pale panapobana zaidi. Wastani haukusaidii: gari linakwama kwenye kona moja tu. Lori la kunyonya maji taka lina upana wa karibu mita 2.5, na bado linahitaji nafasi ya vioo na ya kukata kona, kwa hiyo chini ya mita 4 usilihesabu kwamba litapita. Mita 3 zinatosha bajaji, guta na pikapu. Kwa njia ya miguu usishuke chini ya mita 1.5. Jiulize jambo ambalo kila mkazi wa hapo analijua: jeneza likitoka nyumba ya mwisho, wabebaji watapita wawili wawili, au watalazimika kulipitisha juu ya ukuta wa jirani?

Si lazima kila nyumba ifikiwe na lori. Mpira wa kunyonyea ukivutwa mita 30 hivi kazi bado hufanyika. Hivyo njia moja ya mita 4 inayokatiza katikati ya nyumba ina faida kuliko vichochoro vitano vya mita 2.

Sasa tazama chini, mbele ya kila nyumba. Utaona mfuniko wa zege wenye pete ya chuma, nusu yake imeingia njiani: hilo ni karo, shimo la kuhifadhi maji taka ya nyumba. Wageni wa kazi hii huchora mstari wa barabara wakiangalia kuta tu, kisha wanashangaa mtu aliyekubali kubomoa uzio anakataa kata kata kuachia mita moja ya uwanja. Uzio hubomolewa asubuhi moja. Karo likikanyagwa na lori linaporomoka, na kuchimba jingine kwenye kiwanja kilichojaa vyumba vya wapangaji mara nyingi hakuna pa kuchimba. Kwa hiyo weka alama ya kila karo na kila shimo la choo kwenye picha yako kabla ya kuchora njia. Mara nyingi kuupinda mstari kidogo tu kunamaliza mgogoro.

Mazungumzo ya kuachia ardhi yafanyike njia kwa njia, nyumba nane hadi kumi na mbili kwa kikao. Mkutano wa mtaa mzima hutawaliwa na wenye sauti kubwa ambao njia yenyewe haiwagusi. Anayeachia eneo kubwa kuliko wenzake, kamati ya urasimishaji ya mtaa ijadili kumpunguzia mchango wa upimaji, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari siku hiyohiyo. Kuwa makini na anayesaini. Kwenye nyumba za urithi, ndugu anayeishi hapo si lazima awe msimamizi wa mirathi. Akisaini peke yake, wenzake watakuja kupinga mawe ya mipaka yakishapandwa. Kwa wanandoa, ulizia majina yote mawili mlangoni, usisubiri mume arudi kukuambia nani mwenye nyumba.

Kuhusu vipimo: simu au GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5. Njia unayoitafuta ni hizohizo mita 3. Itumie kutembelea, mipaka muachie mpima na vifaa vyake. Na ukichanganya ramani za zamani za mfumo wa majiranukta wa Arc 1960 na picha mpya za mfumo wa WGS 84, ule unaotumiwa na GPS, nyumba zote zitahama takribani mita 300. Ukiona hivyo usizisogeze kwa mkono hadi zilingane. Badilisha mfumo.

Kando ya mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Usimchoree mtu kiwanja humo kwa huruma, maana utampa tumaini ambalo idara nyingine italivunja. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande, mbali na vibarua na masoko yao, na baadhi walirudi bondeni. Kwa hiyo wenye nyumba zilizo kwenye mpaka wa mita 60 waelezwe mapema na kwa ukweli. Mafuriko yalipofika, thibitisha kwa doa lililobaki ukutani, wala usimuulize anayetaka kuuza.

Mchoro ukiidhinishwa, nakala moja ibaki ofisi ya serikali ya mtaa, imebandikwa ukutani, njia zote zikiwa zimepakwa rangi na upana umeandikwa kwa namba kubwa. Atakayeshusha tofali usiku ili asogeze kibaraza, mtendaji awe na cha kumwonyesha kabla saruji haijashika.